Darasa la wanaotaka kusilimu: linamfaa rafiki mwenye fikra huria?

Rafiki yako amesoma, ameuliza, na sasa anasema moyo wake umeelekea kwenye Uislamu. Lakini ana misimamo yake. Anaamini mke na mume wana haki sawa, kila mtu ajichagulie mwenzi wake, serikali isiingie vyumbani mwa watu, na miongoni mwa wapendwa wake wapo walio katika mapenzi ya jinsia moja. Anakuuliza aanzie wapi. Wengi humjibu kwa neno moja tu: nenda msikitini. Jibu hilo ni sahihi ila halijatosha, maana huduma atakayoikuta huko hutofautiana sana kati ya msikiti na msikiti, na kosa la wiki ya kwanza huweza kumsumbua kwa miaka.

Tathmini hii inahusu darasa la utangulizi, lile linaloendeshwa kwa ajili ya wanaofikiria kusilimu na waliosilimu karibuni. Yapo ya wikendi moja, yapo ya miezi kadhaa ya kukutana mara moja kwa wiki, na yapo ya mtandaoni ambayo mtu hutazama video peke yake. Kwa rafiki wa aina hii tunapendekeza la kila wiki, la ana kwa ana, lenye mwalimu anayekaa baada ya kipindi. La wikendi linamjaza maarifa ambayo hajapata nafasi ya kuyauliza. La mtandaoni linafundisha udhu vizuri sana, lakini swali lake gumu zaidi litabaki kwake mwenyewe, na usiku huohuo atalipeleka kwa mtu asiyemjua, mwenye ukali kuliko elimu.

Jambo la kwanza la kupima ni haraka. Kuna madarasa ambayo mgeni akiingia tu anaulizwa mbele ya watu, "Unaamini Mungu ni mmoja? Unamkubali Muhammad? Basi sema nyuma yangu." Dakika tatu baadaye takbira zinapigwa, watu wanamkumbatia, picha zinachukuliwa. Wanaofanya hivyo wana hoja yao: kifo hakina miadi, na aliyeamini asicheleweshwe. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu aliyekwisha kuamini na anayeomba mwenyewe. Kwa mtu ambaye bado anauliza, mkumbo wa namna hiyo huzaa shahada (tamko la kuingia Uislamu) iliyotamkwa kwa kuona haya kukataa. Huyo ndiye anayepotea mwezi wa pili bila kuaga, halafu anaona aibu hata kupita mtaa ule. Darasa zuri humwambia wazi kipindi cha kwanza kwamba anaweza kuhudhuria mpaka mwisho bila kutamka chochote, na kwamba hakuna atakayemuuliza kila wiki amefikia wapi.

Siku akiwa tayari, kinachohitajika ni kidogo kuliko anavyodhani. Atamke shahada mbili akielewa maana yake na akizikubali moyoni. Mashahidi wawili si sharti la kusihi kwa Uislamu wake. Wanahitajika kwa cheti, na cheti hicho ni muhimu kwa mambo ya baadaye kama ndoa, visa ya Hija na mazishi, kwa hiyo asikidharau. Kuoga josho baada ya kusilimu, wapo mafakihi (wanazuoni wa sheria ya dini) wanaoliona wajibu na wapo wanaoliona sunna asipokuwa na janaba, yaani hali ya kuhitaji josho baada ya tendo la ndoa na mfano wake. Kubadili jina si lazima maadamu jina lake halina maana mbaya. Tohara kwa mwanamume mzima ina khitilafu, wala si mlango wa kuingilia dini. Mwalimu anayeorodhesha jina jipya, kanzu na tohara kabla ya kuieleza Tauhidi, yaani umoja wa Mungu, amepanga somo lake kinyumenyume.

Sasa kwenye kiini. Thamani ya darasa kwa rafiki mwenye fikra huria inapimwa kwa namna linavyojibu maswali yake matatu au manne mazito. Mwalimu anayefaa hutenganisha mambo kwa mafungu: hili wanazuoni wamekubaliana, hili wana khitilafu na hizi ndizo kauli zao, hili ni desturi ya watu wa kwetu na dini haikuliagiza. Asiyetenganisha atamfanya mgeni abebe mila za kabila fulani akidhani ni ufunuo, au atupe hukumu ya dini akidhani ni mila.

Tuanze na ndoa, kwa sababu ndiyo inayowagusa wengi. Mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kumwoa mwanamke wa Ahlul-Kitabu (Wayahudi na Wakristo) kwa mujibu wa aya ya 5 ya Suratul Maida. Mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu, madhehebu yote manne ya Sunni (Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali) yamekataza. Tunisia iliondoa mwaka 2017 zuio la kiserikali juu ya ndoa hizo, lakini kuondolewa kwa zuio la serikali hakukubadilisha kauli ya mafakihi walio wengi. Rafiki yako akiwa mwanamke mwenye mume asiyesilimu, swali lake ni la haraka zaidi: je, ndoa yangu inavunjika siku hiyohiyo? Kauli mashuhuri ni kwamba wanasubiriana mpaka eda (muda wa mke kungoja) iishe, na mume asiposilimu wanatengana. Lakini ipo khitilafu ya zamani, na hutajwa kisa cha Zainab binti wa Mtume, ambaye mumewe Abul-As alichelewa sana kusilimu kisha wakarudiana. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilijadili suala hili na kuweka wazi kwamba ipo pia kauli inayomwachia mke nafasi ya kubaki na mumewe. Darasa linalomwambia mama wa watoto watatu "mwache leo" bila kumweleza hayo limemdhulumu, na mara nyingi limemfungia mlango kabisa.

Mwanamke ambaye hajaolewa afundishwe mkataba wa ndoa mapema, kwani hapa ndipo madarasa mengi yanapopwaya. Huambiwa kwamba mahari ni haki yake, basi. Haambiwi kwamba anaweza kuweka masharti. Katika madhehebu ya Hanbali, sharti la mume kutooa mke wa pili au kutomhamisha mji ni sharti sahihi, na mume akilivunja mke ana haki ya kuvunja ndoa. Wahanafi wana njia nyingine: mume anampa mkewe mamlaka ya kujitaliki, nayo huandikwa ndani ya mkataba. Mtu anayeogopa ukewenza apewe zana hizi mkononi, badala ya kuhubiriwa kwa saa nzima kuhusu hekima ya wake wanne. Asomewe pia aya ya 3 ya Suratun Nisaa, inayoruhusu hadi wake wanne, pamoja na ya 129, inayosema waume hawataweza kufanya uadilifu kamili baina ya wake. Anayesoma ya kwanza bila ya pili anasoma nusu.

Na aya ya 34 ya sura hiyohiyo, inayosomwa kama ruhusa ya mume kumpiga mkewe, ataiuliza, tena huenda kipindi cha kwanza. Mwalimu akibabaika au akicheka, ondokeni. Wafasiri wa zamani walilichukua neno la Kiarabu lililomo humo kwa maana ya kupiga, wakalibana kwa masharti: pasiwe na jeraha, pasiguswe uso, tena iwe baada ya hatua mbili nyingine kushindikana, na kuacha ni bora, kwa kuwa Mtume mwenyewe hakuwahi kumpiga mkewe. Wapo wasomi wa sasa wanaolipa kitenzi hicho maana nyingine. Mgeni aelezwe yote hayo kwa utulivu, na aambiwe pia bila kigugumizi kwamba mume anayemjeruhi mkewe ana mashtaka mbele ya kadhi na mbele ya polisi.

Swali la mapenzi ya jinsia moja lina majibu mawili mabaya. La kwanza ni "siku hizi hilo si tatizo." Huo ni uongo wa kumvutia mteja: madhehebu yote yanayojulikana yanaharamisha kitendo, na sauti za sasa zinazosoma kisa cha watu wa Lut kwa njia nyingine ni chache, atakutana nazo vitabuni kuliko mimbarini. Jibu la pili baya ni matusi. Mwalimu hufoka, anawafananisha watu na wanyama, na mgeni anakumbuka uso wa ndugu yake. Jibu linalofaa hueleza hukumu ilivyo, hutofautisha mwelekeo wa moyo na kitendo kama wanazuoni wengi wanavyotofautisha, na humwambia kwamba kusilimu hakumdai kumtenga ndugu yake, kumfichua wala kumdhalilisha. Haki za jamaa na jirani zinabaki. Rafiki yako huenda asiridhike, na hiyo ni haki yake. La msingi ni kwamba atakuwa ameamua akijua.

La nne ni kuritadi, yaani kutoka katika Uislamu: "Nikiingia, naweza kutoka?" Wanaofundisha hulikwepa swali hili kuliko yote. Ukweli ni kwamba mafakihi wa madhehebu manne waliweka adhabu ya kifo kwa mwanamume aliyeritadi, Wahanafi wakisema mwanamke afungwe. Wasomi wengi wa zama hizi wanaihusisha hukumu hiyo na uhaini na vita vya wakati ule, wakitegemea "hakuna kulazimishana katika dini," aya ya 256 ya Suratul Baqara. Katika nchi nyingi hakuna sheria kama hiyo kabisa. Katika chache ingali imeandikwa. Mtu anayepanga kuhamia au kuolewa nchi fulani ajue sheria ya huko kabla ya kusaini cheti chochote. Darasa linalolisema hili kwa uwazi linastahili kuaminiwa hata katika mengine.

Mambo mengine yanayomtisha ni mepesi kuliko anavyofikiri. Mbwa wake, kwa mfano. Kwa Washafii mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa Wamaliki mbwa aliye hai si najisi. Muziki una khitilafu ya karne nyingi. Pombe haina khitilafu, lakini ina mpangilio: Bi Aisha, mke wa Mtume, alisema kwamba kama ingeteremka mwanzo "msinywe ulevi," watu wangesema hatutauacha kamwe, na kwamba sura za mwanzo zilizungumzia Pepo na Moto. Muadh, sahaba wa Mtume, naye alipotumwa Yemen aliagizwa aanze na shahada, kisha sala tano, kisha zaka. Darasa linalofuata mpangilio huo hudumu na watu wake. Linaloanza na orodha ya haramu hamsini huwamaliza kabla hawajajua kusujudu.

Tukija kwenye mafunzo ya sala, hapa madarasa mengi yanafanya kazi nzuri na tunayapa alama za juu. Rakaa 17 za faradhi kwa siku zinafundishika kwa majuma manne hivi, endapo mwalimu ataanza na vitendo kisha maneno. Juma la kwanza mwanafunzi ajue udhu na mienendo: kusimama, kurukuu, kuitadili, kusujudu mara mbili, kukaa. Anayesema "Subhanallah" na "Allahu Akbar" tu huku anajifunza mengine anaruhusiwa kuendelea hivyo mpaka aweze. Juma la pili na la tatu Alhamdu, sura ya kwanza ya Qurani, aya saba, moja kila siku mbili bila pupa. Juma la nne tahiyatu na sura moja fupi.

Makosa ya udhu ni yaleyale kila darasa. Kiwiko kinaachwa kikavu kwa sababu mkono wa shati umekunjwa nusu. Kisigino kinasahauliwa, na Mtume alionya juu ya visigino kwa jina. Rangi ya kucha inazuia maji kufika, na hakuna aliyemwambia dada huyo mpaka mwezi umepita. Mwalimu mzuri huenda na wanafunzi kwenye bomba akasimama pale. Asiye mzuri hugawa karatasi.

Na karatasi yenyewe iangaliwe. Vijitabu vingi huandika Kiarabu kwa herufi za kilatini bila alama yoyote, na humo ndimo kosa linapozaliwa. Qafu na kafu zote zinakuwa "k", kwa hiyo neno la moyo na neno la mbwa yanaandikwa sawa: kalb. Ha ya kooni katika "Alhamdu" na he ya kawaida zinakuwa herufi moja. Ayn inapotea kabisa katika "iyyaka na'budu." Mwanafunzi akikariri hivyo kwa miezi sita, kumrekebisha ni kazi ngumu kuliko kumfundisha upya. Karatasi iwe msaada wa kumbukumbu tu, na kila aya aisikie kinywani mwa mtu kwanza, airudie, asahihishwe, ndipo aisome. Rekodi ya sauti ya mwalimu mwenyewe kwenye simu inafaa kuliko kijitabu cha kurasa themanini.

Mfuko wa zawadi ambao misikiti mingi humpa aliyesilimu huwa na msala, tasbihi, tafsiri ya Qurani na, kwa wanawake, hijabu. Msala na tafsiri vinafaa. Ila tafsiri itazamwe: ile yenye maelezo chini ya ukurasa, yanayotaja sababu za kuteremka aya, ni bora mara kumi kwa mtu anayeuliza kuliko ile ya maneno matupu. Afunguapo Suratut Tawba bila maelezo atakutana na aya za vita bila kujua ni vita gani na kina nani waliovunja mkataba. Hijabu tungeshauri iwepo pembeni, achukue anayetaka. Madhehebu manne yanakubali kwamba nywele ni sehemu ya kufunikwa, na hilo asifichwe. Lakini kumfunga mtu kitambaa kichwani dakika tano baada ya shahada, mbele ya kamera, kunamfundisha kwamba mwili wake umekuwa mali ya jamaa. Kwa mwenye fikra huria hicho ndicho alichokiogopa tangu mwanzo.

Programu za simu za nyakati za sala nazo huwa sehemu ya huduma, na zina kasoro moja inayowachanganya wengi. Mtu ana programu mbili na Alfajiri zake zinapishana kwa dakika 15. Hakuna iliyoharibika: moja inahesabu jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, nyingine nyuzi 15. Karibu na ikweta tofauti hiyo ni dakika 12 hivi, na inakua kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini. Alasiri nayo ina mipangilio miwili, Hanafi wakingoja kivuli kirefushe mara mbili ya kitu na wengine mara moja. Dawa ni kufungua mipangilio siku ya kwanza na kuchagua hesabu inayotumiwa na msikiti wake. Anayeishi mbali sana kaskazini mwa ikweta, kupita nyuzi 48 na nusu, mwezi wa Juni atakuta jua halifiki nyuzi 18 usiku kucha, basi achague pia kanuni ya maeneo hayo. Dira ya kibla nayo hudanganywa na chuma: kitanda cha chuma, kifuniko cha simu chenye sumaku, gari. Aisogeze simu mbali, aizungushe kwa umbo la nane, apime tena.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii uko baada ya shahada. Juma la kwanza simu hazikatiki. Mwezi wa tatu kimya. Ukifika Ramadhani, mwezi unaorudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, anafuturu peke yake jikoni. Tunaipa alama ndogo misikiti isiyompa mtu mmoja wa kumfuatilia kwa mwaka mzima, wa jinsia yake, asiye na haja ya kumwoza mtu. La ndoa tulikazie: wanawake waliosilimu huposwa ndani ya wiki, wakati hawajajua hata haki zao, na walii wao (msimamizi wa ndoa) huwa ni imamu aliyekutana nao jana. Mpe rafiki yako ushauri wa kukataa posa zote kwa mwaka wa kwanza, na akubali tu yule atakayekubali masharti yaandikwe.

Wasia nao haufundishwi, ilhali unauma. Kwa kauli ya wengi, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Wazazi wake wasiosilimu hawatapata fungu la mirathi, lakini anaweza kuwaandikia wasia mpaka theluthi moja ya mali yake. Aandike mapema, kwa njia inayotambuliwa na sheria ya nchi yake, na aeleze humo anataka kuzikwa vipi na nani apigiwe simu. Asipoandika, familia yenye majonzi na msikiti wenye haraka watagombana juu ya jeneza.

Kabla ya kumpeleka, nenda wewe kwanza. Kaa nyuma kipindi kimoja, hesabu mgeni aliruhusiwa kuuliza mara ngapi na mwalimu alisema "sijui, nitakuletea jibu" mara ngapi. Kisha mweleze mwalimu pembeni kwamba unamleta mtu mwenye maswali ya wanawake, ya kuritadi na ya ndugu yake, ukamtazama usoni akipokea. Akisema, "Mlete, na ayaandike yote," mpeleke wiki ijayo, ukae naye safu moja, na usimuulize mlangoni kama ameamua.